Jinsi ya kujifunza konseto ya Vivaldi ya filimbi ndogo (RV 443) bila kuishiwa pumzi njiani

Kila anayeisikia RV 443 mara ya kwanza anafanya kosa nililofanya mimi. Anasikia ile Allegro ya mwanzo, yaani sehemu ya haraka, inavyomwagika, noti zinakimbizana kama vifaranga walioona kipanga, usiku huo huo anapakua manoti na kesho yake asubuhi anaanza na noti ya kwanza ya ukurasa wa kwanza. Wiki mbili baadaye filimbi iko kwenye droo. Yangu ilikaa droo miezi minne, na niliporudi nilianzia katikati, kwenye Largo, ile sehemu ya polepole, na ndo maana naandika haya, manake hii konseto haimshindi mtu kwa vidole, watu wengi vidole wanavyo vya kutosha kabisa, inawashinda kwa pumzi, na pumzi unajifunza kwenye kile kipande cha polepole ambacho wote tunakiruka.

Kabla hujashika filimbi nikuambie kidogo ni kazi ya nani, utaona kwa nini nang'ang'ania habari ya pumzi. Antonio Vivaldi alizaliwa Venice tarehe 4 Machi 1678, na siku hiyo hiyo mkunga akambatiza pale pale nyumbani kwa kuhofia maisha yake, taratibu zilizobaki zikaja kukamilishwa kanisani miezi miwili baadaye. Baba yake alikuwa kinyozi aliyegeuka mpiga fidla. Mtoto akawa padri mwaka 1703, na kwa sababu ya nywele zake watu wakamwita Padri Mwekundu, ila misa hakusoma kwa muda mrefu, mwenyewe alieleza kwamba kifua kinambana, na wengi siku hizi wanaamini ilikuwa pumu. Sasa fikiria, mtu wa kubanwa kifua ndo ametuandikia mistari mirefu ya filimbi isiyo na hata nafasi ya kumeza mate! Mi huwa nacheka peke yangu nikifika pale.

Mwaka huo huo wa 1703 alianza kufundisha fidla Ospedale della Pietà, nyumba ya kulelea mabinti walioachwa, na hao mabinti walikuwa wapigaji wa hali ya juu, wasafiri walikuwa wanakuja Venice makusudi kuwasikiliza wakipiga nyuma ya vizuizi vya chuma ili wasionekane sura. Katika maisha yake Vivaldi aliandika konseto karibu 500, nyingi za fidla, lakini alipenda sana kukipa kiti cha mbele chombo ambacho wengine wanakisahau: basuni, mandolini, na hii filimbi ndogo aliyoiandikia konseto tatu, yaani RV 443 na RV 444 ambazo zote ni C meja, na RV 445 ya A maina. Hizo herufi RV ni za orodha ya kazi zake aliyoipanga Peter Ryom wa Denmark, kwa hiyo ukitafuta manoti tafuta kwa namba, usitafute "konseto ya Vivaldi ya C meja" utapotea kabisa.

Alifia Vienna tarehe 28 Julai 1741 akiwa fukara, na sehemu kubwa ya kazi zake ikatoweka machoni pa watu, mpaka 1926 shehena ya maandishi yake ya mkono ilipoibuka kwenye shule ya watawa huko Piemonte, kaskazini mwa Italia. Matajiri wawili, Roberto Foà na Filippo Giordano, walitoa hela ya kuyanunua kwa ajili ya maktaba ya Turin, na kila mmoja alikuwa amefiwa na mtoto mdogo wa kiume, ndo maana mikusanyo hiyo inaitwa kwa majina ya wale watoto, Mauro na Renzo. RV 443 ni mojawapo ya zilizohifadhiwa Turin. Kwa hiyo hiki unachojifunza kililala karibu miaka 200, miezi minne yangu ya droo si kitu.

Haya, filimbi. Kwenye maandishi yake Vivaldi ameiita flautino, maana yake filimbi ndogo tu, na watu wameshabishana sana ni ipi hasa. Leo wapigaji wengi wanatumia sopranino, ile rekoda ndogo ya takriban sentimita 25 inayoanzia F, na wapigaji wa pikolo, ile filimbi ndogo ya okestra inayopigwa kwa upande, nao wameichukua mpaka imekuwa kipande cha kawaida cha kufanyia usaili wa okestra. Mi naongelea rekoda hapa. Sopranino vidole vyake ni vya alto, rekoda kubwa zaidi, kwa hiyo kama unapiga alto tayari umeshafika nusu ya safari, unasoma noti zile zile ila sauti inatoka okteva moja juu ya zilivyoandikwa. Kama unajua soprano tu, ile ya shuleni, kuna kazi ya kuhamisha akili: vidole unavyovijua kama C hapa vinatoa F, vya G vinatoa C, vya B vinatoa E. Wiki ya kwanza utachanganyikiwa, ya pili utachanganyikiwa kidogo, ya tatu utasahau kwamba uliwahi kuchanganyikiwa.

Huna sopranino na huna mpango wa kununua? Hapa kuna siri nzuri. Vivaldi mwenyewe kwenye RV 443 aliacha maelekezo kwamba vyombo vihamishwe nne chini, yaani kutoka C meja kwenda G meja, na ukifanya hivo konseto nzima inakaa vizuri kwenye soprano ya kawaida. Na utamu ni kwamba vidole havibadiliki. Mpigaji wa sopranino anayeona C anafunga gumba na vidole vitatu vya kushoto, we wa soprano ukifunga hivo hivo inatoka G, ambayo ndo noti unayotakiwa kutoa. Kwa hiyo unaweza kujifunza yote kwenye soprano leo, siku ukipata sopranino vidole vinahama navyo bila kodi. Angalia tu kama unapiga na rekodi ya kusindikiza iwe ya G meja, la sivyo mtagombana kuanzia sekunde ya kwanza.

Ukinunua, nunua yenye vidole vya baroki, si vya kijerumani. Za plastiki mara nyingi zina kiherufi kidogo nyuma karibu na tundu la gumba, B ni baroki, G ni kijerumani. Ya kijerumani inaonekana rahisi kwa mtoto anayeanza, noti moja tu imerahisishwa, halafu ukipanda kwenye noti zenye vishapu inakulipizia kisasi. Plastiki nzuri inatosha kabisa kwa kujifunzia, usidanganywe kwamba bila mbao hupigi Vivaldi. Kitu kingine uulize ni tuni: nyingi ziko kwenye A ya hezi 440, ila kuna zilizotengenezwa kwa 415, chini karibu nusu toni, kwa ajili ya vikundi vinavyopiga muziki wa zamani. Mi niliwahi kufika mazoezini na filimbi ya 440 wenzangu wote wamekaza nyuzi kwenye 415, tukaangaliana, nikakunja manoti nikakaa kusikiliza. Uliza kwanza.

Sasa pumzi. Kwenye filimbi kubwa tatizo ni kwamba hewa inakuishia. Kwenye sopranino ni kinyume, inatumia hewa kidogo mno, kwa hiyo unavuta pumzi kubwa kama ulivyozoea, unapiga mstari mzima, unafika mwisho unajisikia kufa, unavuta tena juu ya ile ambayo haijatoka, na baada ya mistari mitatu kifua kimejaa hewa iliyochoka, macho yanaona nyota na we unadhani umeishiwa. Hujaishiwa, umejaa! Jifunze kutoa kwanza halafu ndo uvute. Fanya hivi bila filimbi: toa hewa kwa sauti ya "fff" ndogo sana mpaka sekunde kumi, simama, achia iliyobaki yote "haa", halafu ndo uvute kidogo tu, kama unanusa chungu jikoni. Rudia mara tano. Ukiweza hilo umeshapita kizingiti ambacho kilinikalisha mimi miezi.

Na usipulize kwa nguvu ukitaka sauti iwe kubwa. Rekoda ukizidisha upepo haiongezi sana ukubwa, inapanda tuni, inakuwa kali kama filimbi ya refa, na sopranino haihitaji msaada kusikika, noti ya juu F inatoka kwenye hezi kama 2,794, ni noti chache tu chini ya ufunguo wa mwisho kabisa wa kulia kwenye piano. Hata Vivaldi alilijua hilo, solo ikianza yeye mara nyingi anapunguza okestra inabaki nyepesi nyepesi, kwa hiyo we tulia. Ukifanya mazoezi kwenye chumba kidogo weka kitu masikioni, hasa la upande wa kulia, sijui kwa nini langu ndo lilikuwa linaanza kulia kama mbu.

Basi fungua Largo. Iko E maina, kwenye 12/8, mwendo ule wanaouita siciliana, unaoyumba kama mtu anabembeleza mtoto. Wengi wanahesabu kumi na mbili na wanapotea. Hesabu nne, kila moja ina tatu ndani yake, TAA-ta-ta TAA-ta-ta, na ile ya kwanza mara nyingi ina nukta kwa hiyo inarefuka na ya pili inakuwa fupi sana, taaa-t-ta. Tembea chumbani, mguu mmoja kwa kila TAA, imba kwa mdomo kabla hujapiga. Naomba usiruke hapo pa kuimba, utaona aibu siku ya kwanza lakini mahali pumzi inapotaka kukatika unapajua kwa kuimba, hupajui kwa kuangalia karatasi. Weka alama ya mkato kwa penseli pale ulipovuta pumzi ukiimba. Hizo ndo pumzi zako, usizibadilishe hata ukiweza kwenda mbali zaidi.

Vidole vya Largo si vingi ila kuna vya kuviangalia kwa karibu. Chukua E ya katikati, ni gumba na kidole cha shahada tu cha kushoto. Ukienda F shapu, gumba linatoka na kidole cha kati kinashuka, kwa wakati mmoja, wanapishana kama watu wawili mlangoni. Gumba likichelewa hata kidogo unasikia kelele ndogo katikati, "klik", sauti ya tatu ambayo haijaandikwa. Ziba mdomo, acha filimbi kwenye kidevu, fanya huo mpishano bila kupuliza ukiangalia kwenye kioo. Mara ishirini taratibu. Kisha E kwenda D shapu: unabaki na gumba na shahada, unaongeza kidole cha pete cha kushoto na shahada cha kulia, kidole cha kati kinabaki juu hewani, hapo katikati pana pengo. Vile vidole viwili viko mikono tofauti na vinatakiwa vitue pamoja, cha kulia huwa kinajivuta. E na D shapu zinakutana kila mara kwenye E maina, ndo noti inayouma inayotaka kurudi nyumbani, kwa hiyo usiione ndogo.

Baada ya kuwa na mstari safi unaweza kuanza kuupamba. Zamani zile mpigaji hakutegemewa kupiga noti zilivyo kwenye kipande cha polepole, alitegemewa kuongeza vyake, na ukisikiliza rekodi tano za hii Largo utasikia Largo tano. Mpiga rekoda Michala Petri ameipiga kwa namna yake, wengine wanajaza mpaka huoni mstari wenyewe. Ushauri wangu, mara ya kwanza wimbo unapopita upige ulivyo, ukirudi ongeza mbili tatu: jaza pengo kati ya noti mbili zilizo mbali, au weka trilo, yaani noti mbili jirani zinazopishana haraka haraka, kabla ya noti ya mwisho ya sentensi, na trilo ya mtindo huu unaianzia noti ya juu, si ile iliyoandikwa, ianze taratibu kama unaegemea halafu iongeze kasi. Ukiona pambo linakufanya ukose pumzi uliyoweka alama, toa pambo. Pumzi ina haki kuliko pambo.

Largo ikikaa, na mi naongelea wiki tatu nne hivi si siku mbili, ndo urudi ukurasa wa kwanza. Ujue kwanza ramani. Allegro imejengwa kwa kile wanachoita ritornelo, yaani okestra inaleta wazo lake, inanyamaza, we unaruka na mambo yako, okestra inarudi na kipande cha lile wazo, unaruka tena mbali zaidi, mpaka mwisho. Weka rangi kwenye manoti, okestra rangi moja solo rangi nyingine, utashangaa ukurasa uliokutisha una vipande vichache tu vya solo na katikati una mapumziko. Hayo mapumziko yana kazi, toa hewa ya zamani, nyonya unyevu uliojikusanya kwenye mfereji wa mdomo wa filimbi, shusha mabega. Wengine wanapiga pamoja na fidla kwenye sehemu za okestra, inaruhusiwa, ila kama unajifunza kaa kimya.

Sehemu ngumu ni zile noti za haraka zinazokwenda tatu tatu, mistari na mistari. Usizipige zote. Chukua penseli, zungushia noti ya kwanza tu ya kila tatu, upige hizo peke yake kwa mwendo wa polepole. Kitatokea kitu, utasikia wimbo umejificha mle ndani, noti zinashuka ngazi moja moja au zinakaa mahali pamoja huku kitu kingine kinasogea, na kumbe ule mvua wote ulikuwa mapambo ya sentensi rahisi. Piga hiyo mifupa mpaka uijue kwa kichwa. Kisha ndo uvalishe nyama.

Kwenye kuvalisha watu wanakosea sehemu moja, wanafanya mazoezi ya tatu tatu kama zilivyofungwa kwenye karatasi, moja mbili tatu, wanasimama, moja mbili tatu. Vidole ndani ya kifungu huwa havina shida, shida iko kati ya kifungu na kifungu. Kwa hiyo anza na noti ya pili, piga mbili, tatu, halafu moja ya kifungu kinachofuata na usimame hapo juu yake. Mbili tatu MOJA. Mbili tatu MOJA. Unavuka daraja kila mara badala ya kusimama mbele ya daraja. Ukirudi kuunganisha, mstari unateleza wenyewe. Metronomu weka 50, kila mdundo kifungu kimoja, na usipandishe mpaka umepiga mara tatu mfululizo bila kosa, ukipandisha panda nne nne tu. Najua inachosha. Mi huwa nafanya dakika kumi na tano naacha, narudi jioni, ni bora kuliko saa nzima ya kukasirika.

Nikuonyeshe mahali pamoja kwa karibu. Arpejio ya C meja, C E G C, utakutana nayo mara nyingi mno kwa kuwa konseto yenyewe iko C. Kwenye sopranino C ni gumba na vidole vitatu vya kushoto. Kwenda E unanyanyua viwili, rahisi. Kutoka E kwenda G unanyanyua gumba na shahada na unateremsha cha kati, kwa hiyo kwa muda huo filimbi nzima imeshikiliwa na kidole kimoja juu, na hapo ndo inapotaka kukutoka mdomoni, hasa hii ndogo nyepesi. Halafu kutoka hapo kwenda C ya juu gumba linarudi likiwa limekunjwa, linaacha mwanya mwembamba tu kwenye tundu lake, na shahada na pete wanashuka pamoja. Dawa ya kutetemeka ni gumba la kulia chini pamoja na mdomo wa chini, hao wawili ndo nguzo, vidole vya juu havibebi chochote. Jaribu hivi, shika filimbi kwa gumba la kulia na mdomo tu, nyanyua vidole vyote, ikikaa bila kudondoka uko salama. Wengine wanaegemeza na kidole kidogo cha kulia pembeni, sawa pia. Na huo mwanya wa gumba uwe kama uzi, ukiwa mkubwa noti za juu zinapiga kelele ya hewa, kata kucha ya gumba la kushoto fupi lakini isiishe kabisa.

Ulimi sasa. Kwa mwendo huo ukisema te-te-te-te ulimi utachoka kabla ya vidole. Unatakiwa ulimi wa mbili, te-ke-te-ke, ncha halafu nyuma. Si uvumbuzi wa juzi, kwenye mji huo huo wa Venice mwaka 1535 Silvestro Ganassi alichapisha maelekezo ya rekoda na akaeleza te-ke pamoja na te-re na le-re, karibu miaka 150 kabla Vivaldi hajazaliwa. Kwenye tatu tatu unachagua: te-ke-te te-ke-te, ambayo kila kifungu kinaanza na ncha na inasikika wazi, au te-ke-te ke-te-ke inayokwenda bila kujikwaa ila kifungu cha pili kinaanza na sauti ya nyuma iliyo hafifu. Mi naanza na ya kwanza nikifika kasi kubwa nahamia ya pili. Sopranino haipendi ulimi mzito, lainisha iwe de-ge-de. Fanya ukitembea, ukiosha vyombo, ukisubiri gari, bila filimbi, watu watakuangalia, waache.

Turudi kwenye pumzi maana Allegro ndo mtihani wake. Kuna mistari mle ndani haina pumziko lolote kwa sababu noti hazikatiki, na hakuna atakayekuandikia uvute wapi. Njia inayotumika ni kuiba noti. Usivute kabla ya mdundo mzito wa mwanzo wa kipimo, ukifanya hivo mstari unachechemea na kila mtu anasikia. Piga ule mdundo mzito, uache noti moja au mbili zinazofuata, vuta kidogo hapo, endelea. Sikio la msikilizaji limeshapewa noti ya muhimu, zile mbili linajijazia lenyewe, hasa kama ni mtindo unaojirudia na ameshausikia mara tatu. Mi nina sehemu sita za wizi kwenye Allegro ya kwanza, zimeandikwa kwa penseli nyekundu, na hakuna aliyewahi kunikamata isipokuwa mpiga pikolo mmoja aliyekuwa anaibia pale pale.

Allegro molto ya mwisho sitaizungumzia sana. Njia ni ile ile, mifupa kwanza, madaraja, ulimi, wizi, tofauti tu ni kwamba inakwenda kasi zaidi na unaifikia umechoka. Kwa hiyo zoezi lake la kweli ni kupiga Largo yote halafu bila kupumzika uingie nayo, manake siku ya siku ndo itakavyokuwa. Ukiipiga peke yake asubuhi ukiwa mzima utajidanganya.

Mambo madogo madogo ya kumalizia. Pasha filimbi joto kabla, iweke mfuko wa ndani au kwapani dakika kumi, ikiwa ya baridi mvuke wa pumzi unageuka matone ya maji ndani ya ule mfereji mwembamba na katikati ya solo sauti inakufa ghafla kama redio iliyoishiwa betri. Ikitokea, subiri okestra irudi, nyonya hewa kwa nguvu kupitia mdomo wa filimbi, au kinga dirisha lake, lile tundu la mraba chini ya mdomo wa filimbi, kwa kidole bila kugusa ule ukingo mkali na pulizia mara moja kwa nguvu. Ule ukingo usiuguse kamwe, ukikwaruzwa hata kidogo filimbi inabadilika sauti na hairudi. Ukimaliza pitisha kitambaa kikavu ndani, na kama ni ya mbao usiifungie kwenye kasha ikiwa imelowa, iache wazi mpaka ikauke, na kama ni mpya usiipige zaidi ya dakika kumi au kumi na tano kwa siku hizo za mwanzo. Manoti yako yanapatikana bure mtandaoni kwenye maktaba ya IMSLP, chukua sehemu ya solo pamoja na ile yenye vyombo vyote, uone fidla zinafanya nini wakati we unakimbia, halafu funga ukurasa wa kwanza, fungua Largo, na imba.